Ushahidi wa Mtani

Kuze, Mombasa
Mwezi wa Rajabu. Kwa hesabu ya maofisi, Oktoba 1968

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Faraj bin Haji Nuru, mfuma nguo wa Barawa, mdogo wangu kwa miaka ingawa kwa ukaidi ulinipita zamani.

Salamu hizi zikukute umeketi penye kazi yako, mgongo hauumi na uzi haukatiki. Kikohozi kimekuacha, au bado mwakaa pamoja kama mke na mume? Nyumba nzima nawasalimu, mkubwa kwa mdogo, na yule mjukuu uliyempa jina langu mpige kofi moja la mapenzi, ajue kwamba majina mazuri hayapatikani bure. Huku sote tu wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yana rai yao na hayanisikilizi. Niambie na yale makubadhi niliyokushonea ulipokuja kututembelea: yangali mguuni, au umeyafungia sandukuni uwaonyeshe wageni? Nijibu kweli, maana nina sababu ya kuuliza.

Barua yako ya mwezi wa Mfunguo Saba niliipata. Nimeliona na lile neno lako juu ya mahali pale kando ya kaburi la mama. Nitalijibu. Usinikimbize, kalamu iko mkononi mwangu.

Kwanza pokea habari kubwa. Nduguyo sasa ni raia wa Kenya. Raia kamili, si wa kuazima. Siku niliyokabidhiwa cheti, afisa mwenyewe alisimama, akavua miwani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia kwamba nchi ilikuwa ikiningoja. Makarani wakapiga makofi. Nikarudi Kuze kifua mbele, na watu wakanipisha njia kama bwana harusi.

Basi, Faraj, maneno hayo usimsomee mtu. Ni uongo. Niliyaandika nione yatakavyokaa juu ya karatasi, na wallahi yamekaa vizuri kuliko kweli yenyewe. Cheti sina. Aliyesimama ni mimi, tena nilisimama mpaka magoti yakaanza kunitukana. Kama kitakuja au hakitakuja, ajuaye ni Mungu na watu wa Nairobi, na hao wa Nairobi hawana haraka kama Mungu asivyo na haraka. Kweli yenyewe nakuletea kwa mkono wa jirani yetu Bi Khairiya, anayekuja huko kwa harusi ya mpwawe. Posta sikuiamini. Siku hizi bahasha ikiandikwa jina la mji wa Somalia, kuna watu huku hupenda kuisoma kabla ya mwenyewe.

Jambo lilianza hivi. Mwaka jana serikali ilitangaza kwamba asiye raia hataendesha biashara ila kwa kibali, na kibali hicho ana hiari mtoaji kukitoa au kukinyima. Mimi niliposikia nilicheka. Nikasema maneno hayo wanaambiwa Wahindi wenye maduka marefu. Mimi nina benchi moja, kisu cha ngozi, sindano na gundi, nani atakayenionea wivu? Basi siku niliyokwenda kwa ajili ya leseni ya benchi langu, kijana aliyekuwa dirishani aliniuliza nilizaliwa wapi. Nikamwambia Barawa, kwa kiburi, kama mtu anayesema Makka. Akaweka kalamu chini. Akaniambia kwa adabu kwamba basi mimi ni mgeni, na mgeni ana njia yake.

Mgeni, Faraj! Mimi niliyekuja na baba kabla daraja la Nyali halijakuwako, niliyesoma chuoni Kuze hii hii mpaka mwalimu akachoka nami katikati ya juzuu. Kila mguu wa heshima mtaani umepita mikononi mwangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mejumaa kama mzaha. Nikamwambia ajitayarishe, mumewe anarudishwa kwao, na yeye atapata kijana mwenye magoti mazima. Hakucheka. Aliendelea kupepeta mchele, lakini chuya na mchele vyote akavimwaga chini kwa kuku.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikutulia. Habari za barazani unazijua zilivyo: mmoja husema watu watapewa muda wa kufunga mizigo, mwingine husema amesikia kwamba wa Barawa watapelekwa mpakani kwa lori, usiku mmoja tu. Vita vya shifta, wale wa bunduki waliotaka kaskazini iende Somalia, vimekwisha, wanasema, lakini macho ya watu hayajakwisha. Mejumaa huyasikia haya kwa wanawake wenziwe, akaja nayo jikoni. Siku moja nilimkuta anafunga bahasha ya kitambaa, furushi la safari. Ndani yake mlikuwa na kanga zake, msahafu wa mamake, na mbuzi ya kukunia nazi. Yeye, mwanamke wa Kidigo aliyezaliwa ng'ambo ya Likoni na ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni hiyo ya kuvuka Likoni! Akaniuliza kama Barawa kuna nazi. Nikamjibu kwamba Barawa hata mawe yana tui. Ndipo alipoinua uso akaniambia, "Taib, mimi sikuulizi nazi. Nakuuliza kama huko nitaishi."

Nikaketi nikamsaidia kufunga fundo, bila mzaha. Uniwekee alama siku hiyo.

Ikabidi niombe uraia. Masharti yake nakueleza kama nilivyoelezwa mimi na afisa, Bwana Wekesa, kijana wa bara magharibi, mwenye sauti ya taratibu kama mtu anayezungumza na farasi. Mtu awe ameishi nchini miaka isiyopungua mitano. Nilimwambia hiyo mitano niliimaliza kwa kuoga pwani ya Makupa tu. Hakutabasamu, alitaka makaratasi, na makaratasi nilikuwa nayo, kwa kuwa leseni zangu zote za zamani Mejumaa alizitandika chini ya sanduku la nguo kuzuia kutu. Halafu mtu awe anajua Kiswahili. Hapo, ndugu yangu, nilimtazama nione kama anafanya utani, nikaona hafanyi. Aliniambia nieleze kwa maneno yangu kazi ya raia mwema ni nini. Nikaeleza. Nikaanza na kulipa kodi, nikaingia katika jirani kumjua jirani, nikatoka na namna ya kuchagua ngozi ya mbuzi, mpaka akainua mkono akasema inatosha, amesikia, Kiswahili kipo. Karani wake, Bi Mutanu, Mkamba, mwanamke anayepiga taipu kama mtu anayekaanga bisi, yeye alikuwa amekwisha acha kuandika zamani.

Yakabaki yale mazito. Mwenendo mwema, na mwenendo wangu sikubaliwi kuusema mimi. Sharti raia wawili wanaonijua siku nyingi, wasiokaa nyumba yangu, waje kuusema. Kisha nia ya kukaa hapa moja kwa moja. Na mwisho, kuukana uraia wa kwetu mbele ya msahafu. Hilo la mwisho alilisema upesi, kama mtu anayepitisha sindano mahali penye ngozi nyembamba, na mimi nikajifanya sikulisikia.

Shahidi wa kwanza nilimchukua Maalim Kamaludin wa chuoni. Wa pili nilimchagua Mung'aro.

Mung'aro unamjua. Ndiye ndugu yake Mejumaa, yule muuza ngozi wa Kibarani ambaye siku ulipofika hapa alikuuliza kama Barawa mmeanza kuvaa nguo, ukataka kumvunja meno, mpaka nikakushika nikakueleza kwamba shemeji ni mtani na hiyo ndiyo namna yake ya kukukaribisha. Tangu nilipomuoa dada yake hatujaambiana neno jema. Yeye huniita mwizi wa kuku. Mimi humwambia kwamba harufu ya ngozi zake hutangulia kubisha hodi. Nilipofiwa na mwanangu wa kwanza alikuja akanikalia kitandani akasema hataondoka mpaka apikwe pilau, na ndiye aliyenichekesha siku hiyo nikajua kwamba sitakufa. Mila zetu za huku ndizo hizo. Mtani haambiwi nyamaza, hata msibani. Siku ya kukuzika hushuka kaburini akajilaza, akadai chake, kipande cha sanda, na akishapewa ndipo huinuka akakusema kwa wema, mara moja tu, maiti husikii. Ndiyo maana watu husema, ukimsikia mtani anakusifu, jipapase kama ungali hai.

Nilimchagua kwa sababu kwao ni hapa tangu babu wa babu, na hakuna aliyenijua kabla yake. Mejumaa aliniambia niende nikamwombe nduguye aache utani siku hiyo moja. Nikakataa. Nikamwambia mwanamume anayemwomba mtani wake msamaha kabla ya kutukanwa, huyo amekwisha kutukanwa. Hayo nilisema nimeketi, miguu nimekunja, napenda sauti yangu. Uyakumbuke.

Siku yenyewe tulikwenda watatu. Maalim alinena kwanza, akanipamba kwa aya na hadithi mpaka na mimi nikatamani kumjua huyo mtu. Kisha akaitwa Mung'aro. Alikuwa amevaa koti jeusi la marehemu babake, limemkaba kwapani, na nilimwona anatazama ile taipu, zile kabati za chuma, ile bendera pembeni. Akanitazama na mimi. Nami, nakuambia wewe tu, nilikuwa natetemeka, nimeificha mikono ndani ya kanzu. Bwana Wekesa akamuuliza kama mimi ni mtu wa mwenendo mwema na kama anaona nafaa kuwa raia.

"Huyu?" Mung'aro akasema. "Huyu mwizi wa kuku? Hata dada yangu alimwiba. Mrudisheni kwao Barawa, na mkikosa lori mimi nitambeba. Tena mpekueni kwanza. Shifta huyu, ndani ya kanzu ana bunduki."

Maalim Kamaludin alishika kichwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Ni mazoea; ulimi wake ukigonga, cheko langu huitika. Nikacheka peke yangu, na katikati ya cheko nikasikia ile taipu inakaanga: ta-ta-ta-ta, mpaka nukta. Bi Mutanu alikuwa ameyaandika yote. Mikono yangu ilikuwa bado ndani ya kanzu, na Bwana Wekesa alikuwa anaitazama.

Nikaitoa polepole. Akaniambia niende nyumbani, nitaitwa. Mung'aro alitaka kusema neno, akaambiwa ameshasema.

Tulipofika njia panda ya Kibarani aliniambia, bila kunitazama, "Nilikuona unatetemeka, Taib. Nilitaka ucheke." Akaenda zake, koti limeachia mshono mgongoni.

Faraj, siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka, lakini nitakuandikia upate kujua nilikofika. Walikuja watu wawili wenye suruali za kufanana. Hawakuwa na ukali. Waliketi kwenye benchi langu kama wateja, wakaniuliza mwisho nilifika lini Barawa, naandikiana na nani huko, na ndugu yangu anafanya kazi gani. Nikasema hufuma nguo. Wakauliza nguo za askari? Nikasema za harusi na za maiti, zaidi ya hapo mikono yake haina akili. Wakavigeuza visu vyangu vya ngozi kimoja kimoja, wakajaribu makali kwa kidole gumba, wakavipanga tena kwa utaratibu kuliko navyovipanga mimi. Kisha wakaenda wakauliza maswali nyumba ya kulia na nyumba ya kushoto.

Baada ya hapo baraza likahama. Hakuna aliyeniambia neno baya. Wenye kahawa wakawa wanaona kivuli cha upande wa pili ni baridi zaidi. Mtu aliyeniletea kiatu akaja kukichukua kabla hakijashonwa, akasema ana safari. Mejumaa akawa kila akisikia gari linapunguza mwendo kule barabarani husimama wima, mkono kifuani, mpaka lipite. Bahasha yake ya kitambaa aliisogeza karibu na mlango. Nikajikuta na mimi naisikiliza njia. Mzaha ukaniisha mdomoni, na mtu kama mimi akiishiwa na mzaha anabaki na meno tu, nayo yenyewe unaijua hesabu yake.

Mung'aro hakukaa kitako. Kumbe alikuwa amekwenda ofisini peke yake, akasimama mbele ya Bwana Wekesa akamweleza kwamba yale ni utani, ya kwamba mimi ni mtu mwema wala sijui bunduki inashikwa upande gani. Bwana Wekesa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza amwandike Mung'aro yupi, wa juma lile au wa leo, na kama mtu husema uongo kwa kupenda kucheka, yeye afisa atajuaje siku anayosema kweli kwa kuogopa. Mung'aro alisema alitoka pale ameloa jasho kama aliyebeba ngozi mbichi. Alinisimulia haya amesimama mlangoni, kofia mkononi, hakuingia wala hakunitukana. Nikatamani anitukane.

Kisha tukaitwa wote. Bwana Wekesa alitukalisha mimi na Mung'aro uso kwa uso, viti viwili, magoti yanakaribia kugusana. Akamwambia Mung'aro kwamba kama anayo maneno ya kweli juu yangu ayaseme pale, mimi nikisikia, na atazame uso wangu anapoyasema.

Afisa wa watu alidhani anatafuta kweli. Hakujua anataka nini kwetu. Mung'aro aligeuka rangi. Akasema hawezi, si vizuri, mtu yu hai. Akaambiwa basi aende. Akavua kofia akaiweka gotini.

"Mwanangu alizaliwa na mguu mmoja mfupi," akasema. "Huyu alimshonea kiatu chenye soli tatu upande mmoja. Kila mguu ulipokua alishona kingine, sikumwomba. Akamfunza kutembea nacho hapo hapo mbele ya benchi, yeye mwenyewe akichechemea upande wa pili ili mtoto asione haya. Kibarani hakuna aliyewahi kumwita mwanangu kiwete. Mama yetu alipokuwa hajiwezi, huyu alimbeba mgongoni. Dada yangu hajarudi kwetu akilia, hata mara moja." Akaigeuza kofia. "Sina ndugu mwingine kama Taib. Hayo ndiyo niliyoyaweka, na nilikusudia kuyasema akiwa amelala."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka ndevuni. Nami nilihisi baridi inapanda tangu vidole vya miguu. Nilikuwa nimesikia maziko yangu nikiwa kitini, Faraj. Nikajipapasa kweli, mkono huu wa kulia juu ya kifua hiki. Midomo yangu ikaanza kutoa shahada yenyewe. Nikamshika Mung'aro goti nikamwambia, "Basi, basi, watanifunika mchanga."

Bi Mutanu alikuwa hapigi taipu. Bwana Wekesa alivua miwani, na hapo ndipo nilipopata lile jambo la miwani nililokudanganyia mwanzo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao nako wako watu wa namna hiyo. Siku alipozikwa babake, mtu mmoja alisimama mbele ya wafiwa akamwita marehemu mlafi aliyemaliza majogoo ya kijiji, na yeye, mtoto wakati ule, aliokota jiwe kumpiga, mamake akamshika mkono. Akasema hakujua kwamba na huku pwani mnao. Akalichukua lile karatasi lenye bunduki, akapiga mstari juu yake, akaandika kitu pembeni kwa wino. Tukadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Akanigeukia. Akasema limebaki sharti la nia, na wengi huja pale wakasema watakaa, hali mguu mmoja uko kwingine. Yeye ana swali lake moja tu la kupimia.

"Mzee Taib," akasema, "siku yako ikifika, utazikwa wapi?"

Hapa ndipo nilipokuwa nikizungukazunguka tangu mstari wa kwanza, ndugu yangu, na sasa sina pa kuzungukia. Uliniandikia kwamba ile nafasi upande wa kibla wa kaburi la mama umeikatalia hata jamaa wa karibu, kwa kuwa nilimwahidi nitarudi nilale hapo. Ni kweli nilimwahidi. Nakumbuka mkono wake ulivyonishika sikio siku tuliyoondoka na baba, kwa kuwa hakutaka watu wamwone akinishika mkono. Nilipoulizwa lile swali, mama nilimwona. Nikaiona na ile bahasha ya Mejumaa mlangoni, mbuzi ya nazi imetokeza pembe. Na mbele yangu nilimwona mwanamume mtu mzima analia ndani ya koti lililoshonwa mgongoni kwa uzi wa viatu. Nikafikiri: huko kwetu kaburi liko wazi, na ndugu yangu atanisomea, na watu wa mji watakuja kwa heshima. Lakini nani atashuka alale ndani akatae kutoka? Nani huko anajua hata tusi moja la kunifaa?

Nikamjibu, "Hapa. Na huyu ndiye atakayenichelewesha."

Nikatia mkono juu ya msahafu, nikaukana uraia wa kwetu. Nilijiambia kwamba naikana serikali, simkani mama. Sijui kama Mungu anatenganisha hivyo. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nilipotoka nje nilishika ukuta. Maalim alidhani ni magoti.

Nisamehe, Faraj. Sikukuuliza kwanza, na nilijua utakavyonijibu, ndiyo maana sikukuuliza. Ile nafasi ya upande wa kibla ilalie wewe, ila usiwe na pupa nayo. Kabla sijafa, mtume Bi Khairiya au mwingine achukue gao la mchanga wa pale, konzi moja tu, nitiwe nao huku. Mama akiniuliza nitamwambia nilichelewa kwa sababu ya maofisi. Anawajua Wataliana waliotawala kwetu na maofisi yao, ataelewa.

Makaratasi yamekwenda Nairobi. Bado hakuna jibu, na kila tarishi akipita Kuze moyo unanigonga kama nyundo juu ya kisigino. Huenda wakasema ndiyo. Huenda wakalisoma lile lililopigwa mstari, maana wino wa mstari ni mwembamba na taipu ya yule bibi ni nzito. Mejumaa ameitoa mbuzi ya nazi kwenye bahasha kwa kuwa hatuwezi kula mchuzi mkavu siku zote, lakini bahasha hajaifungua.

La kunitisha zaidi lilikuwa Mung'aro. Tangu siku ile akawa na adabu. Alikuwa akipita hunisalimu kwa upole, akaniletea ngozi laini akasema nichague, akaniuliza nimelalaje. Mtaa mzima ukaanza kunitazama kama mgonjwa. Mejumaa ilibidi aende Kibarani kumbembeleza nduguye anitukane. Basi Ijumaa iliyopita, watu wametoka msikitini, alisimama mbele ya benchi langu akasema, "Taib, hujafa tu? Na kaburi nimeshalipima. Wewe na ufupi wako utapwaya." Kahawa ikaletwa upande wangu. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Bi Khairiya anasimama mlangoni na mzigo wake, na mimi nina jambo moja tu dogo, ambalo ni haki yangu kwako. Ulipokuja tulipatana, umesahau? Mimi nikuvishe miguu kwa safari za dunia, wewe univishe mwili kwa safari ile moja. Makubadhi yako nilikutia mguuni kabla hujapanda chomboni. Kile kitambaa changu cheupe hukukileta. Ulisema kitaningoja huko huko niendako kuzikwa, kwa nini kisafiri bure. Sasa kisafiri. Mpe Bi Khairiya akirudi nacho. Uzi uwe ule mzuri, usinifumie mabaki. Usinipime kwa ulivyonikumbuka, maana nimepungua. Lakini kata refu kidogo kupita kipimo, kwa sababu Mung'aro hatatoka mle kaburini mpaka apewe kipande chake.

Wasalimu wote wanaonikumbuka na wanaojifanya kunikumbuka. Mejumaa anasema ule asali kwa kile kikohozi. Mimi nakutakia umri mrefu kuliko wangu, kwa dakika chache tu, usije ukajivuna.

Ni mimi nduguyo,
Taib bin Haji Nuru
Mshona makubadhi, Kuze
(raia, wakipenda)